Daktari Ivyne na Uvimbe wa Baba

Kila asubuhi Ivyne alitia daftari la sayansi mkobani kabla hata ya kunywa chai. Katika Gredi ya Saba hakuna aliyemfikia kwa somo hilo, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Majirani wa ploti yao ya nyumba za kupanga huko Kabiria walimwita Daktari, naye akaitika bila haya.

Kwa hiyo mwezi wa Aprili, baba yake, Bramwel, alipopata uvimbe shingoni, Ivyne hakusita.

"Hilo ni rovu, baba. Umekosa madini ya iodini. Dawa yake ni chumvi, maana ina iodini."

Bramwel, fundi wa milango ya chuma, alicheka kwa fahari. "Daktari wangu amesema, basi imeisha!"

Mboga ikawa chumvi tupu kwa miezi mitatu. Uvimbe haukusikia dawa. Kufikia Julai ulikuwa saizi ya ndimu, na shati alilovaa akiongoza kwaya ya kanisani likakataa kufungwa kifungo cha juu. Ivyne alipoona hivyo, hofu ilimshika hasa.

Walikwenda hospitali mjini. Dkt. Kanini alimpapasa Bramwel shingo, akauliza, "Umeanza lini?"

"Kama wiki mbili hivi," Bramwel alijibu upesi, akimkwepa bintiye kwa macho. Alikuwa akimfichia aibu.

Ivyne aliingilia kati. "Si kweli, daktari. Ni tangu Aprili. Mimi ndiye niliyemwambia ale chumvi. Nilijifanya najua."

"Asante kwa ukweli," alisema Dkt. Kanini. "Unanisaidia kuliko unavyodhani. Sasa, mzee, usimeze."

Kwa sindano nyembamba alivuta seli chache kutoka kwenye tezi ya shingo iliyovimba, akazipaka juu ya vipande vya kioo.

"Hapo utajua kila kitu?" Ivyne aliuliza.

"La. Kuna aina moja ya saratani ya tezi ambayo seli zake hufanana na za uvimbe usio na madhara. Nikizikuta, naandika kwamba sindano pekee haitoshi kutoa jibu. Sibahatishi."

Ivyne alishangaa. Daktari mzima, na anakiri hajui!

Baada ya siku tano daktari aliwaita, akamwonyesha Ivyne zile seli kwa hadubini. "Unaona viini vyenye mfuo katikati kama punje ya kahawa, na dalili nyingine ninazozijua? Hizi hazijifichi. Ni saratani ya tezi iitwayo papilari, si ile inayojificha."

Bramwel alishikilia kiti.

"Nisikilize, mzee. Aina hii mara nyingi huenda polepole, na wengi wanaotibiwa mapema hupona. Tumeshamjua adui. Sasa tunamtoa."

Akatolewa kweli, kwa upasuaji. Mwezi wa Oktoba Bramwel alifunga kifungo cha juu, akaongoza kwaya hadi madirisha ya kanisa yakatetemeka. Ivyne alilia kwa furaha mbele ya watu wote.

Nje, jirani yao Mama Lenox alimsogeza mwanawe. "Daktari, hebu mwone huyu. Mguu umevimba, ni nini?"

Ivyne alitazama, akatikisa kichwa. "Sijui, Mama Lenox. Mpeleke hospitali, tena leo."

Bramwel alimwekea bintiye mkono begani. "Kujifanya unajua kulikaribia kunizika, na ukweli wako ukaniokoa. Kukiri hujui si ujinga, mwanangu. Leo ndipo umeanza kuwa daktari."