Vidonge Ndani ya Kopo la Vifungo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Njiti alikuwa na kazi moja: kumpa bibi yake kidonge cha presha na kikombe cha maji. Waliompa jina hilo hawakumwonea. Alikuwa mwembamba hivi kwamba akigeuka ubavu, ulibaki ukimtafuta.

Bibi alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, miguu kwenye pedali, masikio kwa majirani.

"Mke mwenzangu," alimwambia siku moja, maana ndivyo alivyomtania mjukuu wake, "hiki kidonge kinanipeleka chooni kama nimeitwa mkutanoni. Nitashona saa ngapi? Na kichwa chenyewe hakiniumi. Kitie humo."

Humo ni kwenye kopo la vifungo. Njiti akacheka, akakitia. Kesho yake vilevile. Mama akiuliza, "Bibi amekunywa dawa?" Njiti hujibu, "Amekunywa," na bibi humkonyeza.

Kopo likazidi kujaa. Bibi akaanza kushindwa kutunga uzi. "Siku hizi wanatengeneza sindano zisizo na matundu!" alilalamika. Wakacheka tena.

Jumamosi moja, bibi akipinda gauni jeupe la bibi harusi, tone jekundu likadondoka kwenye kitambaa. Likafuata la pili, kisha pua ikafunguka kama bomba. Njiti akamwinua bibi kichwa kukielekeza nyuma. Damu ikamwingia kooni, bibi akatapika. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kwenye zahanati, walikokimbilia pamoja na mama, muuguzi alisema, "Inama mbele, bibi. Pumua kwa mdomo." Akambana sehemu laini ya pua, akashikilia bila kuachia. Damu ilichelewa kukatika. Daktari akapima presha, akapima tena.

"Dawa anakunywa?"

"Kila siku," mama alijibu. "Mwanangu ndiye anayempa."

"Basi imeshindwa. Tumwongezee yenye nguvu zaidi."

Bibi akakonyeza. Mara hii konyezo lile lilimtia Njiti baridi.

"Hanywi," alisema, machozi yakimtoka. "Ziko kwenye kopo la vifungo. Tangu muhula uanze."

Mama akamgeukia bibi.

"Ungenyamaza," daktari alimwambia Njiti, "dawa hiyo ingeweza kuishusha presha ghafla, bibi akaanguka. Bibi, kwa nini hukusema inakusumbua? Tungekubadilishia."

"Kumbe hubadilishwa?" bibi aliuliza, sauti ndogo kama ya mtoto.

Wakambadilishia. Presha ikashuka, pua ikatulia. Lakini daktari alipommulika machoni alitikisa kichwa. Presha ilikuwa imeharibu mishipa ya ndani ya macho. Nuru iliyopotea haitarudi. Bibi harusi akatafuta fundi mwingine.

Sasa Njiti haondoki mpaka bibi ameze.

"Presha haina kelele, mjukuu wangu," bibi alimwambia asubuhi moja. "Inakula ndani, wewe unajiona mzima. Dawa ikikuudhi, mwambie daktari, usiifiche. Na mtu akikuomba umsaidie kudanganya, mkatalie, hata kama ni mimi na nimekuchekesha."

Akanyoosha mkono, akapapasa hewa kuitafuta cherehani yake.

"Eti, mke mwenzangu, imeingia vumbi?"

Njiti alitamani sana kusema haijaingia.

"Imeingia, bibi," alijibu, akaenda kuleta kitambaa.