Matrida Anataka Kazi ya Mashine

Asubuhi moja Justina alikuwa anachambua dagaa uani kwake, Bweri, mjini Musoma. Binti yake Matrida alikuwa anafua. Matrida ana miaka ishirini na mmoja. Ni kiziwi. Shuleni alijifunza lugha ya alama, lakini nyumbani hakuna aliyeijua. Walimwonyesha kwa vidole tu: njoo, kula, lala.

Siku hiyo alikuja mgeni aitwaye Hyasinta. Kazi yake ni kuwashauri watu wenye ulemavu kuhusu ajira. Huwasaidia kuchagua kazi, kujifunza na kuajiriwa.

"Karibu, dada," alisema Justina. "Huyu tulimpeleka cherehani mara mbili. Anaachaga tu. Mtafutie hata kufagia."

"Yeye mwenyewe anataka kazi gani?"

"Atasemaje, na hasikii?"

"Naomba nimwulize, mama."

Hyasinta alimgeukia Matrida, akaongea kwa mikono. Matrida alishtuka. Kisha akajibu haraka haraka. Justina aliacha dagaa, akatazama. Hakuwahi kumwona mwanawe akisema mambo mengi hivyo.

"Anasema cherehani haipendi," alieleza Hyasinta. "Anataka kutengeneza mashine za mitumbwi. Marehemu baba yake alikuwa akizifungua hapa uani, naye akimsaidia."

Justina alimtazama binti yake. "Ni kweli. Nilidhani amesahau."

Kesho yake Hyasinta alimpeleka Matrida hadi mtaa wa Makoko, kwenye gereji ya Ryoba, karibu na ziwa. Alipoombwa amwajiri Matrida, Ryoba alitikisa kichwa.

"Mama, mashine inasikilizwa. Huyu atajuaje kama ina shida? Na ikitokea hatari, nitamwitaje?"

"Ni maswali mazuri," alisema Hyasinta. "Mpime kwanza."

Ryoba alichukua mashine moja, akalegeza waya wa plagi ya silinda moja Matrida akiwa hamwoni. Kisha akaiwasha. Matrida aliweka kiganja juu ya kifuniko. Alitulia. Halafu akainua kidole kimoja, akaeleza kwa alama.

"Anasema silinda moja haifanyi kazi," alisema Hyasinta.

Ryoba alizima mashine. "Amejuaje?"

"Mkono wake umesikia mtetemo."

Walikubaliana Matrida ajaribiwe kwa mwezi mmoja. Meza yake iligeuzwa itazame mlangoni, aweze kuona kila anayeingia. Juu yake ilifungwa taa ya kumwita au kumwonya. Ukutani waliweka ubao na chaki. Kila siku Matrida angemfundisha Ryoba alama tatu.

"Asipofaa kazi, niambie," alisema Hyasinta. "Lakini usimkatae kwa sababu ya masikio tu. Hata sheria inakataza."

Wiki ya pili mambo yaliharibika. Ryoba alikuwa na haraka, akasahau taa, akapiga kelele. Matrida hakugeuka. Ryoba akamshika bega kwa nguvu. Matrida alitupa spana, akaenda nyumbani akilia. Hakutaka kurudi.

Hyasinta aliwakutanisha. "Sema unachotaka," alimwambia Matrida kwa alama.

Matrida alieleza, naye Hyasinta akatafsiri: "Washa taa. Usinivute. Mimi si mbuzi."

Ryoba aliinamisha kichwa. Kisha akasugua kifua chake kwa ngumi, polepole. Ilikuwa alama ya kuomba radhi. Alikuwa amejifunza juzi.

Matrida alirudi kazini. Mwezi ulipoisha, Ryoba alimpa mkataba wa maandishi. Sasa wavuvi kutoka kisiwa cha Rukuba huleta mashine zao na kumwulizia yeye.

Justina naye alianza kujifunza lugha ya alama kwa Hyasinta, kila Jumamosi. Jioni moja Matrida aliketi karibu naye jikoni, akamweleza jinsi alivyofungua mashine iliyojaa mchanga. Mama alifuata kila neno. Alipouliza swali, alikosea alama moja. Matrida alicheka, akamshika mikono, akamrekebisha. Justina akarudia mpaka akapatia.