Jini la Msimu wa Kwanza

Mteja alikuwa amesukwa nusu kichwa tu alipotoka mbio katika saluni ya Kaveke pale mjini Salama, taulo bado shingoni, akidai Kaveke alikuwa akimpigia ngoma utosini kwa vidole. Wenye vibanda walicheka hadi wakashika mbavu. Mutindi, dada mkubwa wa Kaveke, hakucheka. Mdundo ule aliujua, kwa sababu alikuwa ameurekodi mwenyewe.

Mutindi alikuwa prodyusa wa kujitegemea, yaani jasho lote lilikuwa lake na amri zote zilikuwa za stesheni ya televisheni. Stesheni moja ya Nairobi ilikuwa imemwagiza drama ya vipindi sita kuhusu Ndunge, mwanamke aliyepandwa na jini, na Kaveke ndiye aliyeigiza Ndunge. Kwa kipindi cha mwisho, Ngure, afisa wa stesheni aliyewasimamia, alitaka ngoma ya kweli, si ya maigizo. Basi Mutindi akapanda milima ya Kilungu kumwomba mwaitu Syokau, mama mzee aliyepiga kilumi, ngoma ya kuita na kuaga majini, tangu ujana wake. Mama alikubali kwa sharti moja tu. Kilumi kikianza hakikatwi. Jini huitwa kwa ngoma, huulizwa linataka nini, kisha huagwa kwa ngoma ile ile, na lisipoagwa haliondoki.

Mutindi aliahidi. Alikuwa akisema kweli, maskini, hadi Ngure alipofika mwenyewe siku ya kurekodi na miwani yake ya jua. Alimtazama Kaveke akitetemeka vumbini mbele ya kamera, na jini lilipoanza tu kusema limetoka wapi, akainua mkono.

"Kata hapo hapo," alisema. "Kumfukuza jini tutaweka msimu wa pili. Wacha watu wabaki na hamu."

Mikono ya Syokau ilibaki juu ya ngoma. Akamtazama Mutindi, na Mutindi akatazama kando. Ukimkatalia mtu wa stesheni mara moja, simu yako haipokewi tena, na yeye alikuwa amengoja miaka minne simu hiyo ipokewe. Akasema kata.

Msimu wa pili haukuja. Stesheni ilikuwa imegeukia vipindi vya mapishi, Ngure akaeleza kwa ujumbe wa mistari miwili, na hata salamu hakuweka.

Baada ya ile siku ya saluni, nyumba waliyoishi dada hao ilianza kunuka ugoro. Wote wawili walikuwa waimbaji wa kwaya, ugoro hawakuujua, lakini harufu ilikuwa kwenye mapazia, kwenye unga, kwenye mto wa kulalia. Kaveke aliacha kula. Mchungaji alikuja akaomba hadi shati likalowa, naye Kaveke akaketi kwa heshima, akaitikia amina zote, kisha akamuuliza kwa upole kama amemaliza. Mchungaji aliikumbuka ghafla safari ya Kasikeu.

Siku iliyomvunja Mutindi ilikuwa Jumanne, saa sita mchana, jua likiwaka. Alimwita mdogo wake aje wale, akaita tena, kimya, na kwa kuchoka tu, bila kufikiri, akaita "Ndunge", na sauti ikaitika kutoka jikoni, nzito, ya mtu mzima sana, kisha ikaitika kutoka chumbani, kisha nyuma ya mlango aliokuwa ameuegemea, na huku zote zikiitika alikuwa akimwona Kaveke dirishani, nje, amekaa juu ya ndoo, mdomo umefungwa, vidole vikicheza magotini, machozi yakimtiririka kama mtu anayesikia anaitwa na hawezi kujibu. Mutindi akatoka mbio, akamkumbatia pale juu ya ndoo. Alimpenda yule msichana kuliko kazi yoyote, na ni yeye aliyemwacha pale vumbini.

Alirudi Kilungu na kumpigia Syokau magoti. Mama hakumgombeza. Alisema tu twende tukamalize.

Walianza alasiri, sebuleni, bila kamera. Ngoma ilipokolea Kaveke alianguka, akatetemeka, akainuka na macho ya mtu mwingine. Syokau alimweleza Mutindi kwa sauti ya chini kwamba mwenye mtu ndiye husema neno la kuaga, baba au mume, na hapa wazazi walikuwa wamekufa, kwa hivyo ni yeye. Aseme "nenda", basi.

"Nenda," Mutindi akasema. "Mwache mdogo wangu."

"Mimi sikuitwa kwa huyo mdogo wako," jini likajibu, bila hasira. "Niliitwa kwa Ndunge. Mwenye Ndunge ni nani?"

"Ni mimi. Nilimtunga mimi."

"Ukatia sahihi."

Mutindi akaikumbuka sahihi ile. Mkataba ulikuwa wa kurasa kumi na moja, na alikuwa ameusoma mara moja, amesimama, akiogopa wasije wakabadili nia. Hadithi, wahusika na majina yao, vyote mali ya stesheni, milele.

"Mpigie mwenye Ndunge," Syokau akanong'ona, mikono yake haikusimama. "Neno moja tu, mwanangu."

Ngure alipokea. Mutindi aliweka simu kwa sauti ya juu, karibu na magoti ya mdogo wake, akamsihi aseme tu kwamba wamemwachilia Ndunge. Hakuhitaji karatasi, hakutaka chochote kingine.

"Hiyo ni ngoma nasikia?" Ngure akauliza. "Mutindi, mnarekodi? Umepelekea stesheni gani hiyo stori?"

"Hakuna kamera. Ni Kaveke, jini halijamtoka. Tafadhali, sema anaweza kwenda."

"Unanichezea. Soma mkataba. Ndunge ni wetu, na haendi popote."

Simu ikakatika. Syokau akaondoa mikono kwenye ngoma, taratibu, akaanza kuifunga kwa leso yake bila kumtazama mtu.

"Asante," jini likasema, kwa adabu kabisa. Kaveke akasimama, akajikung'uta vumbi la sakafu, akaangaza macho huku na huku kama mgeni aliyekaribishwa, kisha akamuuliza Mutindi chumba cha Ndunge ni kipi.

Mutindi akamwonyesha.