Plagi Saba za Mbuthia

"Mia saba? Kwa pancha moja?"

"Si moja. Ni saba. Hesabu mwenyewe."

"Odhiambo, wacha wizi. Plagi ni mia. Nakupatia mia."

Hakuna neno linalonipandisha damu kama wizi. Nimeziba pancha hapa Waiyaki Way, karibu na njia ya kuingia Loresho, miaka kumi na moja. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kuharibu tairi zangu mwenyewe. Na nina sheria moja. Wenye pikipiki husema sisi mafundi ndio tunaomwaga misumari barabarani, kwa hiyo nikichomoa kitu kwenye tairi lako, nakuwekea kiganjani. Ukione. Uende nacho.

Mbuthia alikuwa amefika saa tano asubuhi, jua limewaka, akisukuma pikipiki yake. Namjua, hubeba abiria pale Muthangari. Tairi la nyuma, lile lisilo na tyubu, lilikuwa limelala kabisa. Nikalijaza upepo kidogo, nikapaka maji ya sabuni nione povu linatokea wapi. Nikashika koleo, nikavuta.

Jino.

Gego la mtu mzima, na mzizi wake bado una kinyama cha rangi ya waridi.

"Shika," nikamwambia.

Hakushika. Nikaliweka kwenye kifuniko cha kopo la gundi, nikaziba shimo kwa plagi, kile kipande cha mpira, nikajaza upepo, nikapaka sabuni tena. Povu, kando kidogo. Nikavuta. Jino la pili.

"Ziba tu," Mbuthia akasema, macho kwa barabara. "Ziba zote."

Mnasikia? Zote. Hayo ndiyo yalikuwa mapatano yetu.

Upepo wa tairi hunuka mpira. Huu ulikuwa vuguvugu, na ulinuka kinywa cha mgonjwa ambaye hajapiga mswaki siku tatu. Ulinipiga usoni nikatema mate. Kwenye shimo la tano nikaingiza chuma cha kukwaruza. Kitu kikakigusa kutoka ndani. Laini. Kikakilamba. Nilipokivuta, kilitoka na mate mazito, yanavutika kama mboga ya mrenda, yakanitiririkia hadi kiwiko.

Phoebe, anayeuza chapati pembeni yangu, alisogea, akachungulia kifuniko, akaziba pua na leso.

"Odhi," akanong'ona, "hizo meno ni zake. Abebe. Zisilale hapa."

Nikainama karibu na Mbuthia. "Umekanyaga nini?"

"Gunia."

"Gunia gani?"

"Asubuhi, huko Loresho. Kulikuwa na ukungu. Nilidhani ni gunia."

"Ulisimama?"

"Lilikuwa linaniita kwa jina langu."

"Nimeuliza kama ulisimama."

Akaanza kutafuta funguo za pikipiki mfukoni. Nilichukizwa naye kuliko nilivyochukizwa na yale mate.

Sasa jino la saba limetoka, tairi limeshika upepo, ndipo ananiita mwizi. Nikamnyooshea kifuniko.

"Lipa mia saba. Na ubebe meno yako."

"Si yangu!"

Akapiga pikipiki moto, akaondoka na plagi zangu saba. Hata hiyo mia hakuacha.

Mchana huohuo nilifunga kazi nikaenda Loresho, nikauliza walinzi geti kwa geti. Hakuna aliyegongwa. Hakuna gunia. Lami ilikuwa safi.

Nikarudi. Phoebe akaniambia niyatupe mtaroni. Nikakataa. Kitu cha mteja hakitupwi, atakuja kukichukua. Nikakifungia kifuniko ndani ya sanduku la vifaa, nikatia kufuli, nikaenda kulala.

Leo asubuhi kufuli iko sawa. Nimefungua, nimehesabu.

Manane.

Nimehesabu tena.

La nane limevikwa kofia ya fedha. Kofia hiyo niliwekewa na daktari wa meno Parklands mwaka juzi, huku kulia. Nimepitisha ulimi. Pengo. Halina kidonda, halina damu, ni laini kama la mtoto.

Nimempigia Mbuthia mara nne. Simu inapokelewa. Hakuna anayesema. Kuna pumzi tu, nzito, yenye mate, ya kinywa kisicho na jino hata moja. Mara ya nne kikajaribu kutamka jina langu.

Sijali ni nani ameshika hiyo simu. Nataka mia saba yangu, leo, kabla sijafunga. Na anayeileta aje na kitu cha kubebea haya meno. Langu nitalitoa humo mwenyewe kwanza.