Kipepeo wa Nyakerario

Siku ya soko Kapsoit, saa nne asubuhi, jua lilitoka kali baada ya juma zima la mawingu. Katikati ya akina mama wa viazi na wauza mitumba akapita msichana amefungua mwavuli. Calvince alikuwa ametoka shifti ya usiku katika kiwanda cha chai, harufu ya majani mabichi imemganda shatini, macho mazito. Lakini macho mazito nayo huona. Aliona gauni la kijani la mikono mirefu na mwendo wa mtu ambaye hakimbizwi na yeyote.

"Dada, mvua iko wapi?"

"Inakuja saa nane. Mimi nimewahi tu."

Alicheka, akamfuata hadi kwenye vitunguu, akabeba kikapu ambacho hakuombwa kubeba. Msichana aliitwa Nyakerario, mzaliwa wa Nyamira, karani wa kupima majani katika kituo cha wakulima. Calvince alimwambia kwao ni karibu na ziwa, na kazi yake ni kugeuza majani usiku kucha katika chumba cha kunyaushia. Nyakerario akasema basi ndiyo maana naye amenyauka. Hapo Calvince akajua hatoki sokoni bila nambari yake.

Miezi sita walipigiana simu kila jioni. Alimwita jaber, yaani mrembo kwa lugha ya kwao, naye Nyakerario alimwita Bwana Majani. Mara nyingine sauti yake ilififia katikati ya hadithi, Calvince akimuuliza kama amelala, akajibu kwamba anamsikiliza kwa macho yaliyofumba.

Kisha mambo yakageuka. Jumapili ya kwanza Nyakerario alisema amechoka, hatoki. Ya pili vilevile. Kuchoka na nini, Calvince alijiuliza, yeye anayesimama usiku mzima na bado akatafuta pa kupiga pasi shati. Mashavu ya Nyakerario yalikuwa yameanza kuwa mekundu, na wanawake wa getini pa kituo chake walisema ni mkorogo, anajichubua ili apendeze macho ya mtu. Alipomuuliza, aliambiwa ni vumbi.

Jumamosi moja adhuhuri Calvince alienda kwake bila kusema, na parachichi nne kwenye mfuko. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nyakerario alikuwa akiongea kwa simu na dada yake Bilhah, anayeuza viazi Londiani.

"Kipepeo amerudi. Wiki ya tatu sasa. Amenikalia mpaka sina nguvu, Bilhah. Hapana, Calvince hajui. Akijua ataniacha."

Barabara nzima ilimjua Kipepeo. Ni Ojwang, dereva wa lori la majani, jina limeandikwa kwa rangi ya njano juu ya kioo cha mbele kwa vile alivyokuwa akiyumba kukwepa mashimo. Kila jioni alipakia katika kituo cha Nyakerario.

Calvince aliingia. Nyakerario alijivuta kitandani, akapandisha leso hadi chini ya macho.

"Nimesikia yote," Calvince alisema. "Uko na Kipepeo?"

Nyakerario alimtazama. Kitu fulani kilipita machoni mwake, na Calvince akakiita aibu.

"Niko naye," akasema taratibu. "Tangu kabla yako. Na haondoki."

Parachichi zilibaki mlangoni.

Wiki tatu Calvince hakupiga simu. Nyakerario naye hakupiga, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mwishowe hasira ikamshinda. Asubuhi moja, baada ya shifti, alimngoja Ojwang mahali malori yanapopakuliwa. Mzee alishuka kwa kuteremsha goti moja, kisha la pili, akishikilia mlango.

"Mzee, achana na Nyakerario."

Ojwang alimtazama jinsi anavyotazama injini iliyokataa kuwaka. Kisha akaeleza, bila haraka. Alikuwa amempeleka binti huyo hospitali mjini Kericho mara mbili. Hakuweza hata kuinua mikono apande lori, na ilibidi koti litundikwe dirishani ili jua lisimpige. Njiani binti alimuuliza Ojwang kwa nini anaitwa Kipepeo, na alipojibiwa akacheka hadi akalia, akashusha leso. Wekundu ulikuwa umeshika mashavu yote mawili na kukutana juu ya pua, kama mbawa.

"Akaniambia daktari ameuita kipepeo, na wake haendeshi lori," Ojwang alisema. "Ugonjwa wenyewe ni lupus. Askari wa mwili wanaupiga mwili wenyewe. Unaonekana usoni, lakini uko ndani. Na wewe, omera, ndugu yangu, ulikuwa unaniogopa mimi? Mimi hata gia ya tatu inanishinda."

Calvince hakwenda kulala. Alimkuta Nyakerario amejifunika, pazia limeshushwa, ncha za vidole vyake nyeupe kama chaki kwa baridi.

"Kwa nini ulikubali tuhuma yangu?"

"Ukiniacha kwa sababu ya mwanaume, watu watasema siku mbili. Ukiniacha kwa sababu ya ugonjwa, nitaambiwa na kioo kila asubuhi."

"Wewe unapima majani ya watu kila siku. Mimi hukunipandisha hata kwenye mizani."

Alikubali kwa kichwa. Kisha akamweleza yote: dawa za kila siku maisha yote, kazi ya juani itakayobidi aiache, mtoto ambaye atapatikana daktari akiruhusu, au asipatikane. Siku ambazo kuchana nywele ni kazi ya kutwa. Si uchovu wa kulala ukaisha, alisema.

Calvince alivishika vile vidole kati ya viganja vyake.

"Nataka kukuoa, Nyakerario."

Macho ya Nyakerario yalikuwa yamefumba, pumzi imetulia. Calvince alingoja, akainuka, akaosha vikombe vilivyokuwa vimerundikana, akachemsha maji, akarudi kuketi. Akarudia maneno yale kwa sauti ya chini.

"Nilikusikia mara ya kwanza," Nyakerario alisema bila kufumbua macho. "Nilikuwa napumzika ndio nijibu."

"Na jibu?"

"Nenda kwa baba, Nyamira. Kabla hujataja ng'ombe, mwambie mimi ni mgonjwa na siponi. Akikuuliza mara mbili kama umeelewa, usikasirike."

"Nitakasirika kidogo."

"Kidogo ni sawa," akasema, na safari hii akalala kweli. Calvince aliketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, hadi kichwa chake nacho kikaanguka.