Nilisamehe Kabla ya Kuuliza

Mashimo!

Nilifika shambani Jumatatu asubuhi nikakuta mashimo. Shamba zima, kuanzia mtoni mpaka kwenye mwamba, kama nguruwe walifanya sherehe.

Ila nguruwe hawakati mashina kwa panga na kuyapanga vizuri pembeni.

Kava yangu yote... imeng'olewa!

Wadau, kama hujawahi kulima kava utaona nakuza mambo. Siyo mchicha ule; ni mmea ambao mzizi wake unatwangwa ukawa kinywaji cha heshima, na unauzwa ghali. Unapanda, unapalilia, unasubiri miaka. Mtoto anazaliwa, anatambaa, anaanza shule, mzizi bado uko chini unanenepa. Hapa kisiwani kwetu Kadavu, mtu akikwambia ana kava iliyokomaa, kakwambia ana nyumba.

Na yangu ilikuwa nyumba kweli. Kimbunga kilibeba paa letu. Tangu hapo mimi, mke wangu Unaisi na binti yetu Losalini tunalala chini ya turubai la bluu, limefungwa kwa kamba kwenye kuta zilizobaki. Kila mvua ikinyesha nilikuwa namwambia Unaisi, "Vumilia mama. Paa letu linaota kule mtoni."

Nikachuchumaa kwenye shimo. Udongo wa pembeni ulishakauka. Haikuwa kazi ya jana.

Sikuhitaji mganga wala polisi kunitajia jina. Wiki nzima nilikuwa safarini, na mlinzi wa shamba alikuwa mmoja tu.

Nikashika panga. Nikashuka kijijini mbio.

Kelepi, kaka wa mke wangu, alikuwa amekaa mlangoni kwake anamenya muhogo. Nyuma yake, juu ya ubao, injini ya boti. Mpya! Hata nailoni haijavuliwa.

"Kelepi! Kava yangu iko wapi?"

Hakusimama. Hata kisu hakukiweka chini.

"Shemeji," akasema taratibu, "si tulishamaliza jana?"

Jamani... nikabaki na panga hewani.

Kwa sababu ni kweli. Tulishamaliza.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, ili mkiniita mjinga mniite mkijua.

Mimi, Peniasi, nilikuwa mtu wa hasira. Shule niliacha mapema, na mambo mengi niliyasema kwa ngumi. Kuku wa jirani akiingia uwanjani kwangu, jirani alimhesabu amekufa. Nikirudi nyumbani, watu walinyamaza. Losalini alijifanya amelala.

Kelepi ndiye aliyeniletea dawa. Alitoka mjini Suva na memori kadi, ndani yake mafunzo ya jamaa mmoja wa mambo ya mafanikio. Jamaa ana sauti nzito ya kubembeleza.

"Sikiliza hii, shemeji. Dada yangu kachoka."

Huku kwetu shemeji ni mtu wa utani, mnatukanana kutwa na hakuna anayenuna. Nikamwambia, "Wewe mwenye mdomo kama samaki wa kubanika ndiyo unifundishe maisha?"

"Heri mdomo wangu," akajibu. "Wako hata samaki anaukimbia."

Nikacheka. Nikasikiliza.

"Shukuru kabla hujashika chochote asubuhi. Pumua kabla ya kujibu. Samehe haraka, usiulize. Anayeuliza kosa anataka kulibeba."

Maneno mepesi! Mtoto anaweza kuyashika. Nilianza kuyafuata kwa kejeli, ili nimwonyeshe Kelepi kwamba ni upuuzi.

Na sitawadanganya, wakuu. Yalifanya kazi.

Unaisi aliunguza samaki, nikapumua. Akanikodolea macho akidhani naumwa. Siku nyingine nikamshukuru kwa chai, akaidondosha. Jirani wa kuku akaja mwenyewe kuomba chumvi. Losalini akaacha kulala usingizi wa uongo, akawa anakaa pembeni yangu ananisimulia habari za shule.

Halafu siku moja Unaisi akacheka mbele yangu. Cheko lenyewe, la tumboni. Nilikuwa nimeshasahau mke wangu anachekaje.

Kwa hiyo niliposikia yule jamaa anafanya semina Suva, wiki nzima, nikasema lazima niende.

"Na shamba?" Unaisi akauliza. "Kava imekomaa hiyo. Wezi wananusa."

"Mimi nipo," Kelepi akadakia. "Nitalilinda kama langu."

Kama lake. Hapo hakudanganya.

Semina ilikuwa moto! Ukumbi umejaa, tumeshikana mikono na watu tusiowajua, tunapiga kelele, "Nimekuachia! Nimekuachia!" Nililia, jamani. Lizee zima, na mikono hii iliyokomaa sugu, nalia kamasi zinanitoka. Nilimwachia marehemu baba. Nilimwachia mwalimu aliyenifukuza shule. Nilirudi kwa meli ya Jumamosi mwepesi kama jani kavu.

Jumapili, baada ya ibada, nikaitwa kwa Baba mkubwa Ponipate, mkuu wa ukoo wetu. Kwenye mkeka, karibu na mlango, Kelepi amekaa ameinamisha kichwa. Mikononi ameshika jino la nyangumi, na kamba yake iliyosukwa inaning'inia.

Mnielewe hapa. Kwetu jino la nyangumi siyo pambo. Mtu akikuletea kuomba radhi, na mikono yako ikalipokea, kosa limezikwa. Ukilifukua, mkosaji ni wewe.

"Nimemkosea shemeji yangu," Kelepi akasema. Sauti inatetemeka kabisa. "Naomba alipokee hili."

Baba mkubwa akakohoa. "Kosa gani?"

Mimi huyo, nikadakia!

"Baba mkubwa, hakuna haja. Anayeuliza kosa anataka kulibeba."

Mzee akanigeukia polepole. "Peniasi, mwanangu. Humu ndani mdomo wa kuuliza ni wangu."

"Nimeshasamehe, Baba mkubwa. Chochote kile."

Kutoka mlangoni, walikokaa wanawake, nikamsikia Unaisi.

"Baba Losa... uliza kwanza."

Nikamtabasamia, kama mtu aliyefika ng'ambo anavyomtabasamia aliyebaki.

Nikanyoosha mikono yote miwili. Nikalipokea jino. Zito. La baridi. Watu wakapiga makofi yale mazito ya viganja vilivyokunjwa. Mle ndani nilijiona mkubwa kuliko Baba mkubwa!

Kelepi akaleta kava ya kufungia jambo. Ikatwangwa, ikachanganywa kwenye bakuli la mbao, mimi nikapewa kifuu cha kwanza. Nikanywa chote. Ulimi ukafa ganzi palepale, mpaka kooni.

"Aisee! Hii umeitoa wapi? Hii imekomaa!"

Watu wakacheka. Kelepi akaangalia mkeka.

"Kunywa, shemeji," akasema.

Nikaomba kingine.

Sasa turudi Jumatatu, mimi na panga langu mlangoni kwa Kelepi. Kelele zangu zilishamfikia Baba mkubwa. Alikuja akikokota mguu, akasimama katikati yetu.

"Weka panga chini."

"Ameniibia, Baba mkubwa! Shamba zima!"

"Nasikia. Mikono iliyopokea jino ni ya nani?"

"Sikujua kosa lenyewe!"

"Mimi nilikuwa nauliza. Nani aliniziba mdomo?"

Nikageukia ufukweni.

"Basi naenda polisi!"

"Nenda, boti ile pale. Ila ukipanda, umelitemea mate jino, na mimi umenitemea. Siku ukifa, jeneza lako litabebwa na hao polisi."

Kelepi alikuwa bado anamenya muhogo. Akaudondosha kwenye sufuria.

"Halafu, shemeji, kava yenyewe si tulikunywa wote? Ukaisifia."

Wadau... nimepigwa ngumi nyingi maishani. Hakuna iliyoingia kama ile. Nilizika shamba langu kwa kunywa shamba langu. Na nikaongezewa!

Nikarudi nyumbani. Unaisi alishasikia. Amekaa chini ya turubai, hajawasha moto. Nikavuta pumzi ndefu, kama nilivyofundishwa, ili nianze kuongea kwa upole.

"Usinipumulie!" akafoka.

"Yule ni kaka yako, Unaisi..."

"Ni kaka yangu. Kwani jino nilipokea mimi? Nyumba ilikuwa ya nani?"

"Yetu."

"Sasa wewe umesamehe na nyumba yangu. Na ya huyu mtoto. Nani alikupa?"

Ukumbi mzima ule wa Suva, hatukufundishwa hilo.

Nikabaki nimelala naliangalia lile jino. Ndipo nikakumbuka. Jino la nyangumi haliombi radhi tu, linaomba na haja. Ukilipokea kwa mtu mwenye ombi, ombi lake umelikubali. Nikasema, sawa. Panga limekatazwa, jino halijakatazwa!

Jumapili iliyofuata nikaomba wazee wakutane. Mkeka uleule. Safari hii aliyekaa mlangoni kichwa chini ni mimi, mkuu wa zamani wa kelele.

"Nina haja kwa shemeji yangu," nikasema. "Nimekuja na hili."

Nikalinyoosha jino. Nikaona mikono ya Kelepi inainuka... inakuja... imebaki shubiri tu...

Ikasimama.

"Haja gani, shemeji?"

Aliuliza! Swali lile moja tu, ambalo mke wangu aliniomba niulize nikamtabasamia.

"Injini," nikasema.

Wazee wakaguna. Kelepi akairudisha mikono yake mapajani.

"Hiyo hapana."

Halafu akaniinamia, akanong'ona na kile kicheko chetu cha utani.

"Mwalimu wetu ana somo zima la kusema hapana. Tamu kuliko yote. Hilo sikukuwekea kwenye kadi, eeh?"

Hapo ndipo nilipomjua shemeji yangu. Mafunzo yale aliyasikiliza yote kabla yangu. Akayagawa. Ya kusamehe akanipa mimi, ya kukataa akabaki nayo.

Kukataa jino mbele ya wazee ni fedheha, sitakataa. Siku hizi Kelepi akikaa kwenye mkeka, watu wanakumbuka shughuli zao. Baba mkubwa hamtazami usoni. Lakini fedheha yake haiezeki nyumba yangu. Injini inanguruma pale ufukweni kila asubuhi, na mimi nimeanza kupanda vipande vya mashina upya kwenye mashimo yaleyale. Losalini atakuwa binti mkubwa kabla mzizi haujafaa kung'olewa.

Mkiniuliza kama maneno mepesi yanabadilisha maisha, jibu langu ni ndiyo. Yanabadilisha sana! Zamani nilikuwa mtu mbaya, na hakuna kiumbe Kadavu nzima aliyethubutu kuning'olea hata muhogo mmoja. Nikawa mtu mwema, nikang'olewa shamba. Mwema bila maswali ni geti bila komeo.

Kelele sijazirudia. Nikifoka, Losalini ataanza tena kulala uongo, na huyo ndiye mali pekee iliyobaki. Ila ndugu yangu unayesoma hapa, samehe. Sikukatazi. Lakini kwanza uliza unasamehe nini. Halafu uliza ni cha nani.

Jana redio imetangaza yule jamaa anarudi Suva, semina nyingine. Losalini akaniangalia.

"Baba, utaenda?"

Kabla sijafungua mdomo, Unaisi akajibu kutoka chini ya turubai, bila hata kugeuka.

"Aende tu. Safari hii hakuna cha kulinda."