Maji Yalipanda Kila Alipokuja

"Mwanangu, hivi hizi shuka zako unazifulia maji ya wapi hata zing'ae hivi?"

Mama Pacha, jirani wa ukuta mmoja, aliuliza hivyo asubuhi moja akipita na ndoo tupu. Hakuwa na nia mbaya. Lakini dobi aliyeulizwa alihisi masikio yakimchoma.

"Ya boza, mama. Lori likipita nanunua," akajibu, akajifanya kuhangaika na vibanio vya nguo.

Hakuwa ananunua. Nyuma ya chumba cha pasi, chini ya zege alilopangia mabeseni, kulikuwa na kisima alichochimbiwa na kaka yake wakati nyumba inajengwa, kelele za ujenzi zikaficha kelele za kuchimba. Ofisi ya maji ilikuwa imeshapiga marufuku visima vya watu binafsi karibu na kisima cha mtaa. Mvua zilikuwa za kubahatisha, na nyumba mpya zilizuka kila upande. Maji ya chini ni mamoja, watu wa ofisi walieleza. Anayevuta huku anapunguza kule. Dobi aliyasikia hayo vizuri kabisa. Akanunua pampu.

Na ili watu wasiseme, mara mojamoja alibeba madumu mawili akapange foleni kisimani kama wenzake. Huko ndiko alikokutana na kijana wa ofisi ya maji.

Siku hiyo dobi alivaa gauni jeusi la mikono mirefu, limenyooka kama limetoka dukani. Watu walisukumana, ndoo zikagongana. Kijana huyo, shati la buluu limekunjamana mgongoni, alikuwa anapaka chaki utepe mrefu wa chuma. Akasukumwa, akajishikiza begani kwa dobi. Vidole vitano vyeupe vikabaki kwenye gauni.

"Samahani, dada! Nimekuchafua."

"Umemchafua dobi, una bahati. Na hilo shati nani kakupigia pasi, adui yako?"

Foleni nzima ikacheka.

"Nimepiga mwenyewe," kijana akasema, kichwa chini.

"Lilete kesho. Nalionea huruma shati, si wewe."

"Mimi nionewe huruma na nani sasa?"

"Kwanza niambie hiyo chaki ya nini."

Akamwonyesha. Utepe unashushwa kisimani, na chaki inapolowa inabadilika rangi. Hapo unajua maji yako umbali gani. Tangu siku hiyo dobi akamwita Bwana Chaki.

Shati lilikuja kesho yake. Kisha likaja jingine. Kisha mwenye mashati akaanza kuja mikono mitupu, akikaa kwenye kigoda kati ya shuka zinazoning'inia, akinywa chai na kumchokoza dobi hadi pasi inapoa mkononi. Dobi alikuwa akisikia pikipiki yake getini, anapitisha mkono nyuma ya pazia na kuzima swichi ya pampu. Akiondoka, anaiwasha, ikavuta usiku kucha.

Zamani Bwana Chaki alipima kisima cha mtaa alfajiri. Sasa alijipangia upya: kwanza chai kwa mpenzi, mazungumzo yakivutwa hadi jua lipoe, ndipo apime akirudi. Aliona ni kubadilisha saa tu, kuna ubaya gani?

"Halo, dobi wangu," alipiga simu jioni moja.

"Niambie, Bwana Chaki wangu. Mbona unahema?"

"Nipo kisimani. Maji yamepanda tena! Kila nikitoka kwako, yamepanda. Mapenzi yako yana mvua ndani yake, wallahi."

Dobi aliishika simu kwa bega, mikono imejaa povu. "Acha utani," akasema.

"Kweli, mpenzi. Mkuu wangu kafurahi, anataka kuvuta bomba la kisima hiki hadi mtaa mpya."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya kusema kweli. Akasema, "Hongera, kipenzi." Simu ilipokatika, akawasha pampu.

Bomba likavutwa. Mtaa mpya wakapiga vigelegele, lakini furaha haikudumu. Bomba likaanza kukohoa, likatema tope, likanyamaza, na kisima cha mtaa kikanyamaza nalo. Mkutano ukaitishwa uwanja wa shule. Bwana Chaki alisimama mbele, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyekosa.

"Wewe ndiye uliyesema yamepanda," Mama Pacha alimwambia, hata hakupaza sauti. "Wajukuu zangu wamekunywa tope, mwanangu."

Dobi alikuwa nyuma ya watu wote, mtandio kaushusha hadi machoni. Alimwomba Mungu amfiche. Kisha akaionea aibu hata hiyo dua, maana aliyehitaji kufichwa siku ile alikuwa amesimama mbele.

Baada ya hapo dobi alimpigia Bwana Chaki, simu hazikupokelewa. Akaamini ameshajua habari za pampu. Kumbe mwenzake, aliyesimamishwa kazi, alijifungia chumbani akiamini mwanamke msafi kama yule hawezi tena kumtazama.

Alasiri moja akaja kwa miguu. Pampu ilikuwa imezimwa tangu mkutano, maana dobi alikuwa hawezi tena kuivumilia sauti yake. Mama Pacha alikuwepo, kaja na ndoo kuomba maji kidogo ya boza.

"Nisamehe kwa kunyamaza," Bwana Chaki akasema bila kuketi. "Nimeaibika mbele za watu, na sijui nilikosea wapi. Utepe ule ule, chaki ile ile. Lakini kama unaweza kunichukua hivi nilivyo, nataka tuoane. Mama Pacha awe shahidi."

Dobi alimtazama. Akiitikia tu, harusi ipo, na hakuna atakayejua. Akapitisha mkono nyuma ya pazia.

Pampu ikanguruma chini ya miguu yao. Maji yakabubujika kwenye beseni, meupe, safi.

Bwana Chaki alisikiliza. Uso ulimbadilika polepole.

"Kila nilipokuja ulikuwa unaizima?"

"Kila ulipokuja."

Alikaa kwenye kigoda. "Na mimi," akasema, "niliacha kupima alfajiri kwa ajili ya chai yako." Akajipangusa uso kwa mikono yote miwili. "Vaa viatu. Twende ofisini, ukaseme na mimi niseme."

"Na lile uliloniuliza?"

"Sijalifuta. Nijibu tukitoka huko."

Dobi aliinama, akachota, akaijaza ndoo ya Mama Pacha hadi ukingoni. Akaisukuma mbele yake, macho sakafuni.

"Mama," akaanza.

Mama Pacha aliitazama ile ndoo. Akaiinua kwa mikono miwili, akayarudisha maji yote kwenye beseni taratibu, asimwage hata tone. Akaitikisa ikauke. Kisha akaichukua ndoo yake tupu, akainama kupita chini ya shuka nyeupe, akatoka.